Bodi Sita za Bichage

Migori
14 Februari 1966

Shemeji yangu Onyancha,

Pokea salamu zetu sote, wewe na mkeo dada Bosibori, na Mama Mong'ina kwa namna ya pekee. Goti lake linaendeleaje? Sisi tu wazima, isipokuwa Pauline ana upele shingoni na anajikuna hata wakati wa sala. Baba Pauline, kaka yako, anashinda Uriri kwenye biashara yake ya nafaka, anarudi akiwa mweupe kwa vumbi la mahindi kama mtu aliyepakwa chokaa.

Sasa nisikilize. Wiki iliyopita daktari anayezungukia zahanati zetu alifika zahanati ninayofanyia kazi siku ya mvua. Kulikuwa na mama mjamzito kitandani na mabati yalikuwa yanapigwa hata tukazungumza kwa kupiga kelele. Daktari akaweka ile pembe yetu ya mbao ya kusikilizia moyo wa mtoto tumboni mwa mama, akainamisha sikio, akatikisa kichwa. Hakusikia kitu. Ndipo nikatoa kisanduku ulichonitengenezea mwaka jana. Nikaweka kile kidude cha duara tumboni, nikampa daktari cha sikioni. Alisikiliza muda mrefu, kisha akauliza, "Nani ametengeneza hiki?" Nikasema ni shemeji yangu, fundi wa redio pale Homa Bay karibu na gati. Anataka sita, kwa zahanati anazozizungukia, kabla mwezi wa sita haujaisha. Amesema atakuandikia mwenyewe.

Nimefurahi kwa ajili yako. Nina swali moja tu. Kisanduku kikinyamaza, nitajuaje kama ni chenyewe kimenyamaza au ni mtoto?

Ni mimi shemeji yako,
Mellen


Homa Bay
3 Machi 1966

Kwa Shemeji Mellen,

Salamu zako zimefika, na daktari naye ameniandikia. Mama anakusalimu. Goti linamsumbua asubuhi, kufikia saa nne anatembea mpaka sokoni kubishana na wauza samaki kwa Kijaluo chake cha Kikisii. Bosibori hajambo. Joto la hapa limezidi mwaka huu.

Kuhusu visanduku. Kile chako nilikiunga kwa nyaya, waya mmoja mmoja, na kilinichukua Jumapili saba. Sita siwezi kuviunga hivyo. Siku hizi kuna vibao ambavyo sisi mafundi tunaviita bodi. Ni kibao chembamba cha rangi ya kahawia, na juu yake kuna mistari ya shaba iliyogandishwa mahali pa nyaya. Mimi nachora mistari ninayoitaka, mwenye kiwanda anaitengeneza, halafu ninalehemu transista zangu juu yake. Bodi zikiwa nzuri, visanduku vyote sita vitakuwa sawasawa. Zikiwa na kosa, kosa litakuwa kwenye vyote.

Kwa hiyo kazi yangu kubwa sasa ni kuchagua nani azitengeneze. Wako watatu. Kuna kampuni ya Uingereza yenye wakala Nairobi. Kuna karakana moja ya Nairobi, sehemu ya viwanda, ambayo mwenyewe ni mzee asiyejibu barua upesi. Na kuna Bichage wa Kisumu, aliyejifunza kazi jeshini kwenye kikosi cha simu. Nimewaandikia wote wanitumie bodi moja moja ya mfano.

Swali lako: kabla ya kumpima mama, weka kidude kifuani mwako mwenyewe. Ukisikia moyo wako, kisanduku ni kizima.

Lakini kwa nini umeuliza? Kiliwahi kunyamaza?

Wasalimu kaka na Pauline.
Onyancha


Migori
30 Machi 1966

Shemeji Onyancha,

Tunaendelea vizuri kwa neema ya Mungu. Upele wa Pauline umepona. Mvua imeanza kwa nguvu, na mto umechukua daraja la miti, kwa hiyo barua hii itasubiri mpaka mtu apite upande wa pili.

Baba Pauline alisikia habari za Bichage akafurahi sana. Kumbe walitahiriwa mwaka mmoja. Anasema hakuna haja ya kutafuta watu usiowajua wakati mtu wetu yupo hapo Kisumu. Alisema hivyo mezani, akarudia asubuhi. Mimi sikumjibu, sijui mambo ya bodi.

Kuhusu kusikiliza moyo wangu kwanza, asante. Sikuwa nimefikiria hilo.

Uliuliza kwa nini nimeuliza. Hakuna sababu. Kisanduku kwa sasa kimo kabatini, mawe yake ya tochi yameisha.

Naomba jambo moja, shemeji. Usichague kwa sababu ya mtu. Uzijaribu hizo bodi kama vile unataka zife mikononi mwako. Kisha uniandikie ipi ilipona na ipi ilianguka. Usinifiche.

Mellen


Homa Bay
12 Mei 1966

Shemeji Mellen,

Habari za huko? Hapa tulikuwa na wageni. Kaka alikuja akiwa na Bichage mwenyewe, wakaleta ndizi mikungu miwili na blanketi jipya la Mama. Mama alicheka siku nzima. Nimemwona Bichage, ni mtu mchangamfu, anajua kazi yake, ana mikono safi.

Bodi za mfano zilifika zote. Nilifanya kama ulivyosema. Niliziweka chini ya mabati adhuhuri, nikazitoa nikaziweka juu ya mvuke wa sufuria, siku saba mfululizo. Nikaziangusha kutoka mezani. Waingereza nimewaacha, hawakubali kutengeneza chini ya bodi mia tano, na meli ni miezi minne. Zilizobaki zilivumilia vizuri. Nimempa Bichage kazi, kwa kuwa yeye yuko karibu, tena daktari anaharakisha. Bodi sita zimekwisha kufika kwa meli ya Kisumu na nimeanza kulehemu.

Usiwe na wasiwasi. Utapata chako kipya mwezi ujao, kile cha zamani kitupe.

Onyancha


Migori
27 Julai 1966

Shemeji Onyancha,

Mama anaendeleaje? Sisi tu wazima. Nimeandika mstari huu wa salamu kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa, lakini si salamu nilizokaa kuandika.

Jumanne saa nane mchana aliletwa mama anayeitwa Roseline, uchungu wa pili wa maisha yake. Nilichukua kisanduku kipya. Nikaweka kidude kifuani mwangu kama ulivyosema. Moyo wangu ukapiga kama ngoma. Nikaweka tumboni mwa Roseline. Nikausikia moyo wa mtoto, wa haraka, mzuri. Nikaacha kisanduku pajani mwake chumba kikiwa na joto, nikaja tena baada ya nusu saa. Kimya. Nikasogeza kushoto, kulia, chini. Kimya.

Mashine ya posho ya jirani ilikuwa inasaga. Kwa pembe sikusikia chochote ila mngurumo. Roseline alikuwa ananitazama usoni. Akaniuliza, "Nesi, mbona hunisemeshi?"

Nilitoka mbio bila viatu mpaka kwa mwenye mashine, mzee Gisiri, nikamwambia azime. Akaniambia foleni ni ndefu. Nikamshika shati, shemeji, mimi mwanamke wa watu, mbele ya wateja wake. Akazima. Nikarudi, nikaweka pembe, na katika kimya kile nikamsikia mtoto. Alikuwa hai muda wote. Amezaliwa msichana na analia kama wengine.

Baadaye nilifungua kisanduku. Mstari mmoja wa shaba umebanduka kwenye bodi na kuinuka kama uzi. Kikiwa baridi unagusa, kikipata joto unaachana. Kupima kifuani mwanzoni, kikiwa baridi, hakungenionyesha.

Sasa nitakuambia kwa nini niliuliza lile swali mwezi wa pili.

Mwezi wa kwanza alikuja Kemuma, muuza ndizi kutoka njia ya Uriri. Mvua ilikuwa inapiga mabati mchana ule. Nilitumia kisanduku cha kwanza. Kilikuwa kimya, nikaamini. Nikamwambia Kemuma mtoto ameshakwenda. Alilia kidogo tu, akageukia ukutani. Kwa kuwa niliona ni maiti nitakayoitoa, sikutuma mtu kuomba gari la daktari. Nikamwacha aendelee polepole, nikaenda kwa wagonjwa wengine. Saa kumi mtoto akatoka, mvulana. Akavuta pumzi. Akavuta tena. Nilimpulizia, nilimsugua, nilifanya yote ninayoyajua, na kabla ya nusu saa akafa mikononi mwangu. Kemuma alikuwa amezimia, hakuona. Nilimfunga kwenye kanga nikamwambia mama mkwe wake kwamba alizaliwa amekufa.

Jioni niliona waya mmoja wa mawe umechomoka. Niliuunga mwenyewe. Sikumwambia mtu yeyote, hata Baba Pauline. Sikukuambia wewe kwa sababu ungeacha kuvitengeneza, na kina mama wengi walikuwa wamesaidika. Na kwa sababu niliogopa.

Ulipoandika nijisikilize moyo wangu kwanza, yalikuwa maneno machache mno. Niliyasoma mpaka karatasi ikachakaa. Ningekuwa nimekuuliza mwaka jana.

Visanduku vingine vitano viko wapi, shemeji? Viko kwa nani leo hii?

Mellen


Homa Bay
21 Agosti 1966

Shemeji Mellen,

Barua yako ilikaa posta siku nane kwa sababu sikwenda kuitazama. Nilikuwa naogopa barua kutoka kwako na sitakuficha tena kwa nini.

Bodi ya mfano ya Bichage haikuvumilia. Siku ya nne mstari wa shaba ulibanduka pembeni, upana wa ukucha. Ile ya karakana ya Nairobi ilimaliza siku saba bila alama. Nilikuwa nimeshaamua Nairobi. Ndipo kaka akaja na Bichage. Nilimwonyesha Bichage ule mstari akasema ni kibao cha zamani kilichobaki jeshini, bodi za kazi yenyewe zitakuwa za kibao kipya. Nilipokuwa ninasitasita, kaka akaniambia mbele ya Mama, "Unataka nimwambie nini mwenzangu? Kwamba mdogo wangu anawaamini wageni kuliko sisi?" Mama alinitazama. Nikasema sawa. Bodi zilipofika sikuzijaribu hata moja. Nilijiambia ni haraka ya daktari. Ukweli ni kwamba sikutaka kujua. Kisha nikakuandikia zimevumilia.

Siku niliyosoma barua yako nilifunga duka. Viwili nimevichukua kwa basi, upande wa Rangwe, bado vilikuwa ndani ya karatasi zake. Cha tatu kilikuwa kwa daktari mwenyewe, nikamweleza, hakunitukana, na hilo lilikuwa baya zaidi. Cha nne nimekipata Uriri, mstari tayari umeanza kuinuka. Cha tano kilikuwa zahanati ndogo upande wa Lambwe. Nilikwenda kwa baiskeli, siku mbili, nzi wa ndorobo wakiniuma mgongoni kupitia shati.

Nesi wa kule, Bathsheba, ni mama mtu mzima. Nilimweleza kisanduku kinaweza kunyamaza mtoto akiwa hai. Alileta kitabu cha kuandikia wazazi na watoto wao akakifungua mbele yangu. Mwezi wa saba watoto wawili walizaliwa wafu. Nikamuuliza kama kisanduku kilitumika. Akasema, "Kwa mmoja, ndiyo. Kwa mwingine sikumbuki." Nikamuuliza kama mtoto alikuwa hai kisanduku kilipowekwa. Akaniambia, "Wewe ndiye ulikitengeneza. Wewe niambie."

Nilikifungua palepale kwenye benchi. Mstari ulikuwa umebanduka. Ulibanduka lini, hakuna anayejua. Nimegeuzageuza bodi ile hapa mezani mara nyingi. Haisemi.

Nimemwandikia Bichage. Kaka nimemwandikia pia. Hajajibu.

Onyancha


Migori
4 Septemba 1966

Shemeji,

Nimeipata barua yako. Baba Pauline naye amepata yake, aliisoma akaiweka chini ya godoro, na tangu siku hiyo hatuongei ila mambo ya chakula.

Nilikuomba usinifiche. Mimi pia nilikuficha. Ninatumia pembe, na mzee Gisiri anazima mashine nikituma mtu.

Mellen


Homa Bay
16 Oktoba 1966

Shemeji Mellen,

Natumaini mko salama. Mama anauliza kwa nini kaka haji. Nimemwambia yote, juzi, tukichambua maharage. Aliacha kuchambua. Baadaye alisema angejua, asingenitazama vile siku ile.

Nimekwenda Nairobi. Daktari alinipa nauli na barua ya kunijulisha, ingawa nilikuwa nimemwambia sitaki tena kazi hii. Alisema watoto wataendelea kuzaliwa mvua ikinyesha.

Mwenye karakana ni mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, jina lake Werema, alitoka Musoma zamani. Nilimwonyesha mchoro wangu. Nilimwonyesha pia bodi ya Lambwe. Aliinua ule mstari wa shaba kwa ncha ya kisu akauliza, "Hii ilikuwa ya redio?" Nikasema hapana, nikamweleza ni ya nini. Akavua miwani. Akaniuliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza tangu nianze: "Kikifa, kinakufaje?"

Nikasema kinanyamaza.

Akasema, "Basi umetengeneza kitu ambacho kikifa kinasema mtoto amekufa. Hata bodi yangu itaharibika siku moja. Sitakutengenezea hii."

Nilidhani ananifukuza. Kumbe alivuta kalamu. Tulikaa siku tatu. Sasa kisanduku kitakuwa na mlio mdogo, tik, tik, wa polepole, tofauti na moyo wa mtoto, na unapita njia ileile ya sauti kutoka kidude mpaka sikioni. Mstari wowote ukikatika, mlio nao unakatika. Ukisikia tik bila moyo, tafuta moyo. Usiposikia hata tik, usiamini chochote, chukua pembe. Na katika kila bodi kumi, moja ataichemsha mpaka ife, nami nikitazama.

Nimemchagua yeye. Nimechelewa kumchagua kwa miezi mitano na ninajua miezi hiyo ilikokwenda.

Viwili vya kwanza vitakufikia mwezi ujao. Ukivirudisha bila kuvifungua nitaelewa.

Onyancha


Migori
23 Novemba 1966

Shemeji Onyancha,

Salamu kwako, kwa Bosibori na kwa Mama. Kaka yako alikwenda kwa Bichage Kisumu akarudi bila kusema walizungumza nini, lakini jana alisema atakuja kumwona Mama kabla ya Krismasi. Usimuulize kitu akija. Mpe chai.

Visanduku vimefika. Sikuvirudisha. Nimekaa na kimoja siku tatu nikisikiliza tik peke yake, nikichomoa waya wa mawe makusudi, nikikiweka mezani penye jua. Kisha nikakitumia kwa mama mmoja mvua ikinyesha, nikiwa na pembe mkono wa pili. Bado naishika pembe kila mara, na nadhani nitaendelea hivyo.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa Kemuma. Nilitembea kutoka barabarani nikigeuka kurudi mara mbili. Nilimkuta anapanga ndizi kwenye majani, peke yake. Alinipa kiti. Nikakataa kukaa, nikasema kila kitu nikiwa nimesimama, kama mtoto mbele ya mwalimu. Kwamba mtoto wake alikuwa hai nilipomwambia amekufa. Kwamba alivuta pumzi. Kwamba ni mimi niliyemfunga.

Hakulia. Aliendelea kupanga ndizi, kubwa huku, ndogo huku. Akauliza, "Alilia?"

Nikasema hapana. Hakuwa na nguvu ya kulia.

Akauliza alikuwa anafanana na nani. Nikamwambia alikuwa na nywele nyingi na paji la uso kama lake. Akaweka mkono kwenye paji lake akauacha hapo.

Halafu akauliza nani alitengeneza kile kisanduku. Nikasema ni shemeji yangu, ni mtu mwema, hakukusudia, sasa amekirekebisha. Akanikatiza.

"Sikukuuliza kama ni mwema. Nimeuliza yuko wapi."

Ningeweza kusema sijui. Nilifikiria duka lako, Bosibori, Mama na goti lake. Nilifikiria kwamba mumewe Kemuma ana kaka wanne. Halafu nikafikiria jinsi alivyouliza kama mtoto alilia, na nikaona nikimdanganya tena mwanamke huyu, itakuwa ni mara ya pili kumfunga mtoto wake kwenye kanga.

Nimemwambia, shemeji. Homa Bay, karibu na gati, duka lenye mlango wa kijani. Atakuja kwa basi la Jumatatu ya tarehe tano. Sijui anakuja na nani, wala anataka kukuambia nini. Sikumuuliza.

Usifunge duka siku hiyo.

Mellen